Dakika tatu mbele ya bodi ya shule: fedha za usalama ziende wapi?

SWALI: Salaam mtaalamu. Naitwa Mama Furaha, tuko Ohio mwaka wa nne sasa tangu tutoke kambi ya Nyarugusu. Nina watoto watatu katika shule za umma: darasa la 2, la 7 na la 10. Mwezi ujao bodi ya shule itaamua fedha za usalama zitumike vipi. Mezani kuna mashine za kukagua chuma milangoni, kamera mpya, askari wa pili mwenye silaha, na pendekezo la kuruhusu walimu wabebe bastola. Wazazi wengine wanasema hayo yote ni bure, tatizo ni sheria za bunduki. Sina uraia bado, siwezi kupiga kura, ila nimeambiwa mzazi yeyote anaruhusiwa kuongea dakika tatu. Niseme nini? Na huyu mdogo, kila wakifanya zoezi la kujifungia darasani, usiku hapati usingizi. Nifanyeje?

JIBU: Mama Furaha, salaam, na pole kwa wasiwasi. Nimefanya kazi ya ushauri nasaha katika shule za Marekani kwa miaka mingi na nimekaa katika vikao vingi vya kupima vitisho vya wanafunzi, kwa hiyo nitakujibu kama mtu aliyeyaona haya kwa karibu. Fedha nyingi za usalama zinakwenda mlangoni, na mlango ndio mahali pa mwisho kabisa pa kumzuia mtoto aliyekwisha kuamua kuua. Kabla hajafika hapo amepita sehemu mbili ambako angeweza kuzuiwa: mahali bunduki inapowekwa nyumbani, na sikio la mtu mzima aliyepata habari mapema. Dakika zako tatu zitumie hapo.

Sisi tuliotoka Afrika Mashariki na Kongo, tukisikia shule imeshambuliwa, akili inakwenda kwa adui anayetoka nje. Tunakumbuka Chuo Kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, al-Shabaab walipoua watu 148. Wewe uliyekimbia vita unajua kuliko mimi maana ya watu wenye silaha kuvamia kijiji. Kwa adui wa namna hiyo, ukuta, geti na askari ni jambo la kwanza, na ndiyo maana mzazi wa kwetu akisikia kuna mashine mlangoni anashusha pumzi. Mauaji ya shule za Marekani yana sura nyingine. Kwa kawaida muuaji ni mwanafunzi wa shule hiyohiyo, au aliyewahi kusoma hapo. Anajua kengele inalia saa ngapi, mlango upi haufungi vizuri na askari husimama wapi. Mara nyingi asubuhi hiyo ameingia pamoja na wenzake, begi mgongoni.

Secret Service, idara ileile inayomlinda rais, imelichunguza jambo hili kwa zaidi ya miaka ishirini. Ripoti yao ya mwaka 2004, waliyoiandika pamoja na Wizara ya Elimu ya Marekani, ilipitia mashambulizi 37. Katika asilimia 81 ya mashambulizi hayo, kulikuwa na mtu angalau mmoja aliyejua kabla kwamba mshambuliaji anawaza au anapanga kitu. Wengi wa waliojua walikuwa vijana wenzake. Ripoti ya mwaka 2019 ikapitia mashambulizi 41 ya miaka ya 2008 hadi 2017, na ikakuta kwamba asilimia 76 ya waliotumia bunduki waliitoa nyumbani kwa mzazi au kwa ndugu wa karibu. Mwaka 2021 wakatazama upande wa pili: mipango 67 iliyogunduliwa na kuzimwa kabla damu haijamwagika. Waliosaidia kuigundua, mara nyingi, walikuwa wanafunzi waliomwona au kumsikia mwenzao na wakasema.

Ukizisoma ripoti hizo pamoja utaona kwamba bunduki ilitoka kwa watu wake na habari ilikuwa kwa wenzake. Kila sheria na kila dola uipime kwa kipimo hicho: je, inaifikia ile bunduki? Je, inaifikia ile habari?

Nikupe kisa kimoja kwa urefu, kwa sababu ndani yake yamo yote. Shule ya sekondari ya Oxford, jimbo la Michigan, jirani zenu wa kaskazini. Tarehe 26 Novemba 2021 baba mmoja alinunua bastola, na mwanawe wa miaka 15 akaihesabu kuwa yake. Siku tatu baadaye mwalimu alimwona kijana huyo darasani akitafuta risasi kwenye simu, na shule ikampigia mama. Mama hakurudisha simu ya shule. Alimwandikia mwanawe ujumbe wa mzaha, kwamba hajakasirika, ila ajifunze kutokamatwa. Kesho yake asubuhi, tarehe 30, mwalimu wa hesabu alikuta kwenye karatasi ya kijana mchoro wa bastola, wa risasi na wa mtu anayevuja damu, pamoja na maneno ya kuomba msaada kwamba mawazo hayakomi. Wazazi wakaitwa, wakafika. Mshauri nasaha aliwaambia kijana apelekwe kwa mtaalamu ndani ya saa 48. Walisema wana kazi, wakaondoka bila yeye. Hawakutaja kwamba siku nne kabla walimnunulia bastola. Upande wa shule, hakuna aliyefungua begi. Kijana akarudishwa darasani, bastola ikiwa ndani ya begi hilo. Saa mbili hivi baadaye wanafunzi wanne walikuwa wamepigwa risasi za kuwaua, na watu saba wamejeruhiwa.

Nimekisoma kisa hiki mara nyingi na bado kinaniumiza, kwa sababu katika chumba kile walikaa wazazi, mshauri, kijana mwenyewe na silaha yenyewe, wote kwa pamoja, na ilibaki swali moja tu ambalo halikuulizwa: je, nyumbani kuna bunduki, na iko wapi sasa hivi? Uchunguzi huru uliotolewa mwaka 2023 ulisema wilaya ile ilikuwa na sera ya kutathmini vitisho kwenye makaratasi, lakini siku ile haikutumika. Mwaka 2024 baraza la wazee wa mahakama lilimtia hatiani mama, kisha baba, kila mmoja katika kesi yake, kwa kosa la kuua bila kukusudia. Wakahukumiwa kifungo cha miaka 10 hadi 15 kila mmoja. Walikuwa wazazi wa kwanza Marekani kupatikana na hatia ya namna hiyo kwa mauaji ya halaiki yaliyofanywa na mtoto wao shuleni.

Wakati mauaji yanatokea, Michigan haikuwa na sheria ya kumlazimu mwenye nyumba kufungia silaha mahali mtoto asipofika. Sheria hiyo ilipitishwa mwaka 2023 na ikaanza kutumika Februari 2024. Ohio haina sheria kama hiyo kwa jimbo zima. Kwangu mimi hii ndiyo sheria ya kwanza kuidai, na nakuambia hivyo nikijua wengi wataanza na marufuku ya bunduki za kivita. Kufungia silaha hakumnyang'anyi mtu bunduki yake, na kunagusa hasa pale ambapo watoto hawa huchukua silaha. Taasisi ya utafiti ya RAND, ambayo ni ngumu sana kukubali kwamba sheria fulani ya bunduki inafanya kazi, imekuta ushahidi wa kutosha kwamba sheria za kumzuia mtoto asiifikie silaha hupunguza vijana kujiua na kujipiga risasi kwa bahati mbaya. Hilo nalo ni kubwa. Chini ya asilimia 3 ya mauaji ya watoto wa umri wa shule hutokea shuleni. Tangu mwaka 2020 risasi ndiyo inayoongoza kwa kuua watoto na vijana wa mwaka 1 hadi 17 katika nchi hii, na wengi wao hufia nyumbani na mitaani. Kufuli moja kwenye kabati linalinda shule, chumba cha kulala na nyumba ya jirani.

Sheria ya pili ni ile inayoruhusu mahakama kuamuru mtu anyang'anywe silaha kwa muda pale familia au polisi wanapoonyesha kwamba anaelekea kujidhuru au kudhuru wengine. Connecticut ilianza mwaka 1999, na sasa majimbo zaidi ya 20 yanazo. Ohio haimo. Ili uone maana yake, twende St. Louis, Missouri, tarehe 24 Oktoba 2022. Kijana wa miaka 19, aliyewahi kusoma katika shule iliyoshambuliwa siku hiyo, alijaribu kununua bunduki dukani. Ukaguzi wa rekodi za mnunuzi ukamkatalia. Akainunua kwa mtu binafsi, ambako hakuna ukaguzi unaotakiwa. Mama yake akaiona na akafanya kile ambacho kila mzazi huambiwa afanye: akaita polisi, akawaomba waichukue. Polisi wakasema sheria ya Missouri haiwapi uwezo wa kuishikilia. Ikakabidhiwa mtu mzima mwingine anayefahamika kwa familia. Siku chache baadaye bunduki hiyo ilikuwa ndani ya shule, na mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja waliuawa. Shule hiyo ilikuwa na milango iliyofungwa, mashine za kukagua chuma na walinzi. Mama yule alijua, alisema, alipiga simu, na sheria ikamwacha mikono mitupu.

Florida ilijifunza hilo kwa gharama kubwa. Baada ya watu 17 kuuawa katika shule ya Marjory Stoneman Douglas mjini Parkland tarehe 14 Februari 2018, bunge la jimbo hilo, linaloongozwa na Republican na kupenda bunduki kama yalivyo majimbo mengi ya kusini, lilipitisha sheria katika wiki tatu tu. Gavana Rick Scott aliisaini tarehe 9 Machi. Iliongeza umri wa kununua bunduki yoyote hadi miaka 21, ikaweka siku tatu za kusubiri, ikaanzisha amri za mahakama za kuchukua silaha, na ikatenga takribani dola milioni 400 kwa shule na afya ya akili. Tangu hapo majaji wa Florida wametoa maelfu ya amri hizo. Ukikutana na mzazi anayekuambia kwamba katika jimbo la wapenda bunduki haiwezekani, mtajie Florida.

Bunge la Washington ni hadithi nyingine. Baada ya watoto 20 na watu wazima 6 kuuawa katika shule ya msingi ya Sandy Hook, Connecticut, Desemba 2012, mswada wa kupanua ukaguzi wa wanunuzi ulipata kura 54 katika Seneti mwezi Aprili 2013 na ukaanguka, kwa kuwa zilitakiwa 60. Ilichukua karibu miaka kumi na msiba wa mauaji ya shule ya Uvalde, Texas, ndipo Rais Biden akasaini sheria ya pande zote mbili tarehe 25 Juni 2022. Hiyo iliongeza ukaguzi kwa wanunuzi walio chini ya miaka 21, hadi siku 10 za kazi za kupekua rekodi zao za utotoni, ikatoa fedha za kusaidia majimbo kuendesha amri za kuchukua silaha, na ikapeleka mabilioni ya dola shuleni na kwenye afya ya akili. Ilikuwa hatua ya kweli, ila ndogo ukilinganisha na ukubwa wa tatizo. Mambo mengi kuhusu bunduki yanabaki mikononi mwa majimbo, na bodi ya shule haina uwezo wa kutunga sheria hata moja ya bunduki. Kwa hiyo wazazi wenzako wana haki wanaposema tatizo ni sheria, lakini bodi si mlango wake. Mlango wake ni mbunge wenu wa jimbo, na kumwandikia hakuhitaji uraia.

Sasa turudi kwenye meza ya bodi.

Mashine za kukagua chuma. Shule ya Red Lake, Minnesota, ilikuwa nayo tarehe 21 Machi 2005. Kijana wa miaka 16, akiwa amebeba silaha za babu yake aliyekuwa askari, alimuua mlinzi aliyekuwa palepale kwenye mashine, akapita. Sisemi mashine hazina kazi. Mahali ambapo wanafunzi hubeba bastola na visu kwa ugomvi wa mitaani, zinapunguza silaha zinazoingia, na kama shule yenu ina tatizo hilo, mwalimu mkuu aseme wazi. Lakini mashine inataka watu wa kuisimamia kila asubuhi, kila mlango, mwaka baada ya mwaka, na huo ndio mshahara usiotajwa kwenye bei ya kwanza. Uliza nani atasimama pale saa nne asubuhi mtoto aliyechelewa anapofika. Uliza pia foleni ya watoto mia tano nje ya mlango mmoja inalindwa na nani.

Kamera zinasaidia polisi kujua kilichotokea. Basi.

Kufuli nazipa heshima zaidi. Tume ya wabunge wa Texas iliyochunguza shule ya msingi ya Robb, Uvalde, ambako watoto 19 na walimu 2 waliuawa tarehe 24 Mei 2022, ilieleza shule ambayo wafanyakazi walizoea kuacha milango bila kufunga, na darasa ambalo kufuli lake lilijulikana kuwa bovu na halikutengenezwa. Kufuli zuri la mlango wa darasa, linalofungika kwa ndani, ni kazi ya fundi mmoja. Kabla ya kununua kitu kipya chochote, bodi iulizwe: je, milango yote ya madarasa ya watoto wetu inafungika leo?

Kuhusu askari mwenye silaha, ripoti hiyohiyo ya Texas ilihesabu askari 376 waliofika Uvalde. Muuaji alikaa na watoto dakika 77 kabla hawajaingia. Katika mauaji ya shule ya Columbine, Colorado, mwaka 1999, alikuwepo askari, na alirushiana risasi na wauaji. Parkland alikuwepo, akabaki nje. Utafiti uliochapishwa katika jarida la JAMA Network Open mwaka 2021, uliopitia matukio 133 ya kuanzia 1980 hadi 2019, haukukuta kwamba kuwepo kwa mlinzi mwenye silaha kulipunguza majeruhi. Vifo katika shule zenye walinzi hao vilikuwa vingi zaidi. Usiondoke hapo ukidhani askari ndiye anayesababisha vifo, kwa kuwa shule zenye hatari zaidi huenda ndizo zinazoajiri. Lakini kijana anayekuja akiwa tayari kufa haogopeshwi na bastola ya askari. Askari mzuri wa shule, anayewajua watoto kwa majina, ana thamani yake kama mtu wa kuambiwa habari. Nimefanya kazi na wa namna hiyo. Swali ni kama wa pili anafaa kuliko mwanasaikolojia wa shule, na mara nyingi jibu langu ni hapana.

Texas inatupa somo la hesabu. Mwaka 2023 jimbo liliamuru kila shule iwe na mlinzi mwenye silaha na likatoa dola 15,000 kwa shule na dola 10 kwa kila mwanafunzi. Dola 15,000 hazimlipi askari mshahara wa mwaka. Wilaya nyingi zikajikuta zinaomba ruhusa ya kupita pembeni ya sheria au zinachota kwenye fungu la kufundishia. Ukisikia jimbo limetoa fedha za usalama, uliza ni za mwaka mmoja au za kudumu, maana mshahara ni wa kila mwaka.

Walimu kubeba bastola: katika hili msimamo wangu hauyumbi, ninalipinga. Sheria ya Ohio iliyosainiwa na Gavana Mike DeWine mwezi Juni 2022 inaruhusu mwalimu abebe silaha baada ya mafunzo yasiyozidi saa 24, wakati kabla ya hapo zilitakiwa zaidi ya saa 700. Inaiachia bodi uamuzi, kwa hiyo hapa wajumbe wenu wana mamlaka kamili ya kusema hapana. Bastola darasani ni bunduki nyingine ambayo mtoto anaweza kuifikia, na tumeshaona bunduki hutoka wapi. Katika mji wa Chardon, hukohuko Ohio, tarehe 27 Februari 2012, kijana aliwapiga risasi wenzake wakiwa kantini na watatu wakafa. Aliyemkimbiza hadi nje ya jengo alikuwa kocha msaidizi, Frank Hall, bila silaha yoyote mkononi. Namheshimu sana mtu yule, na nisingependa sheria ijengwe juu ya tumaini kwamba kila mwalimu atakuwa yeye.

Fedha, basi, ziende kwa watu na kwa utaratibu. Virginia mwaka 2013 ilikuwa ya kwanza kuzitaka shule zake zote za umma ziwe na timu za kutathmini vitisho, ikifuata kazi ya Profesa Dewey Cornell wa Chuo Kikuu cha Virginia. Ohio nayo inazitaka shule zenye darasa la 6 hadi la 12 ziwe na timu iliyopewa mafunzo na njia ya kupokea taarifa bila mtoaji kujitaja. Laini ya jimbo, Safer Ohio School Tip Line, ni bure kwa shule na inapokea simu na ujumbe mchana na usiku. Katika timu hukaa mwalimu mkuu, mshauri, mwanasaikolojia na askari. Kazi yao ni kutenganisha maneno ya hasira na mpango wa kweli, kisha kumfuatilia mtoto kwa miezi.

Nakumbuka mvulana wa miaka 13 aliyeandika orodha ya majina ya wenzake. Shule nzima ilitaka afukuzwe siku ileile. Tulipokaa naye tukagundua wale wa kwenye orodha walikuwa wakimpiga kwenye basi tangu Septemba. Nyumbani kwao kulikuwa na bastola ya mjomba, chini ya mto wa kochi. Jioni ile mjomba aliitoa nyumbani, wiki iliyofuata mtoto akabadilishiwa basi, na mshauri alikutana naye kila Jumatatu hadi shule zilipofungwa. Kama angefukuzwa tu, angekaa nyumbani siku nzima na hasira yake, na kochi lile. Jambo hilo lilitaka mshauri mwenye nafasi ya kukaa na mtoto mmoja kila Jumatatu. Mshauri mwenye wanafunzi 500 hana nafasi hiyo.

Na hapa fedha zimeyumba vibaya. Sehemu ya ile sheria aliyoisaini Biden mwaka 2022 ilikuwa dola bilioni 1 za kuongeza wanasaikolojia na washauri shuleni. Mwishoni mwa Aprili 2025 Wizara ya Elimu ya Marekani ilitangaza kusitisha ruzuku hizo kabla ya muda wake, na majimbo kadhaa yakaenda mahakamani. Iulize bodi yenu kama kuna mshauri au mfanyakazi wa ustawi aliyekuwa akilipwa kwa fungu hilo, na nafasi yake imebaki vipi.

Jambo moja linawahusu watoto wako moja kwa moja. Timu hizi na askari shuleni vinaweza kumkosea mtoto mweusi, mhamiaji au mwenye ulemavu. Tafiti zimeonyesha kwamba shule zenye askari husimamisha na kukamata wanafunzi zaidi, na wanafunzi weusi huumia kuliko wengine. Kaa na huyu wa darasa la 7 na wa la 10, uwaambie kwamba utani wa kulipua au kupiga watu risasi, hata kwenye kundi la marafiki la simu, unaweza kuwa kosa la jinai Ohio. Waambie pia kwamba wakisikia mwenzao anasema hivyo, kumwambia mtu mzima si umbea. Wewe ukiitwa shuleni, usisaini kitu usichokielewa, na omba mkalimani ambaye si mtoto wako.

Sasa dakika zako tatu. Jiandikishe mapema, kwa kuwa bodi nyingi hufunga orodha kabla ya kikao, na omba mkalimani kwa maandishi siku kadhaa kabla. Usiende na takwimu zote hizi. Sema wewe ni nani na umetoka wapi. Hakuna mtu ukumbini anayejua bunduki kama wewe. Kisha uliza maswali manne na uombe yajibiwe hadharani: timu yetu ya kutathmini vitisho ilikutana mara ngapi mwaka jana, na wajumbe wake wamepata mafunzo? Mshauri mmoja ana wanafunzi wangapi? Milango mingapi ya madarasa haifungiki? Na shule itatuma lini barua kwa wazazi wote, kwa lugha zetu zote, kuwaambia wafungie bunduki zao, pamoja na kufuli za bure kwa anayehitaji? Bodi nyingine, kuanzia Los Angeles, zimekwisha kupitisha azimio la barua hizo, na gharama yake ni ndogo kuliko kamera moja. Maliza kwa kuwaomba wakatae pendekezo la bastola za walimu.

Nyumbani, kabla mtoto hajaenda kucheza kwa rafiki, muulize mzazi wa huko kama kuna bunduki na kama imefungiwa. Najua kwetu swali hilo linasikika kama kumshuku mtu. Hapa ni kama kuuliza kama kuna mbwa mkali. Jibu likikupa shaka, mwambie watoto wacheze kwako.

Kuhusu mdogo wako, Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilitoa msimamo mwaka 2020 kupinga mazoezi yanayoigiza shambulio, yenye milio ya risasi au watu wanaojifanya wavamizi. Zoezi la kujifungia linaweza kufanywa kwa utulivu kama zoezi la moto: zima taa, kaa kimya, msikilize mwalimu. Mwandikie mwalimu wake kwamba familia yenu imekimbia vita, uombe upewe taarifa siku moja kabla ya kila zoezi, na mtoto akae karibu na mtu mzima anayemwamini. Usiku wake muulize alikaa wapi na alimshika nani mkono. Watoto wa umri huo husema mengi wakiulizwa vitu vidogo. Hofu ikizidi mwezi, omba mshauri wa shule amwone. Una haki ya kuomba hivyo, na hutalipa chochote.